Kutoka Jikoni Hadi Kwenye Hati: Kazi Inayopotelea Njiani

Pwani hakuna anayeamini kwamba mwanamke huzaliwa ameshakamilika. Mzaramo alimweka mwali ndani, akaletewa kungwi, akafundwa. Mvulana naye alikwenda jandoni akarudi anaitwa mwanamume. Neno lenyewe ni hilo, kufundwa, na lingetosha kumaliza ubishi mrefu juu ya jinsia. Binti hahitaji kungwi ili aote maziwa, yataota yenyewe. Kungwi anaitwa kwa yale ambayo yasipofundishwa hayatakuwapo: namna ya kukaa, namna ya kupika, lini aseme na lini anyamaze, nani ale kwanza. Kwa hiyo anayedai kwamba habari ya jinsia imeletwa na wafadhili aulize kwao. Wazee walijua vizuri kwamba kuna mwili na kuna mafundisho juu ya mwili. Leo tunaita la kwanza jinsi na la pili jinsia, basi.

Lugha yetu pia inafunda. Wageni husifu kwamba Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa mwanamke na mwanamume. Ni kweli, mpaka ufike kwenye ndoa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Hiyo "w" ndiyo iliyomo kwenye kupikwa, kupigwa na kununuliwa: mtu anatendwa. Na mwanamume anayekwenda kuishi katika nyumba aliyoijenga mkewe husemwa mtaani kwamba "kaolewa", na kila mtu anaelewa kwamba ametukanwa. Tusi hilo linaeleza mengi. Linasema kuwa mume ni nafasi, na mtu anaweza kuanguka kutoka kwenye nafasi hiyo huku mwili wake ukiwa uleule.

Wakurya wa Mara wamelionyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari, akaoa binti, na watoto atakaozaa binti huyo huhesabiwa kuwa wa boma lake. Yeye ndiye anayeshika nafasi ya mume. Wala hii si habari ya usawa, kwa sababu binti aliyeolewa hubaki chini kama ambavyo angekuwa chini kwa mwanamume. Ngazi imebaki ilivyokuwa, aliyepanda juu yake ndiye tofauti.

Kisha tazama kazi. Kufua nguo za nyumbani ni kwa mama, lakini dobi mwenye pasi ya mkaa amekuwa mwanamume tangu enzi za ukoloni. Kupika ugali wa watoto ni kwa mama, lakini pilau la sufuria kubwa kwenye harusi ya Pwani huwa mikononi mwa wanaume, sawa na mishkaki, chipsi na nyama choma. Kushona kifungo kilichotoka ni kwa mama, ila ukipita Kariakoo, kwenye cherehani barazani utawakuta mafundi wanaume wamejipanga. Nyumba za wakoloni Tanganyika zilitunzwa na wanaume: boi, mpishi, dobi. Leo kazi ileile ni ya "dada wa kazi", naye hulipwa kidogo kuliko karibu kila mtu mtaani. Maji, moto, sindano na sabuni havijabadilika hata kidogo. Kazi hugeuka kuwa ya kiume inapolipa, ikarudi kuwa "asili ya mwanamke" inapokuwa ya bure.

Neno "bure" ndilo lenye matatizo yote yanayofuata, na halihitaji mahubiri. Linahitaji hesabu.

Chukua maji. Kaya ya watu 5 inayotumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku, ambacho ni kiasi cha kubana matumizi, inahitaji lita 100. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji, bila uzito wa dumu. Hizo ni safari 5. Kama kwenda, foleni na kurudi ni dakika 40, kwa siku ni saa 3 na dakika 20. Kwa wiki ni saa 23 na dakika 20, yaani karibu siku 3 za ajira ya saa 8, na bado jiko halijawashwa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabu kwamba huduma ya maji imefikia kiwango cha msingi pale maji yanapotoka kwenye chanzo kilichoboreshwa na safari nzima, pamoja na foleni, isipozidi dakika 30. Hesabu zao za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba katika kaya 7 kati ya 10 duniani zisizo na maji nyumbani, wanaokwenda kuchota ni wanawake na wasichana. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikuta kwamba mwanamke kwa wastani hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na mwanamume saa 1 na dakika 23.

Wastani wa dunia haumgusi mtu aliyekaa kwenye kochi lake, kwa hiyo hesabu ifanyike nyumbani. Inahitaji daftari la shule, kalamu na siku 7.

Kila mtu wa nyumba mwenye umri wa kuanzia miaka 8 au 9 apewe kurasa zake. Gawa siku kwa nusu saa, kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 5 usiku. Hiyo ni mistari 38. Kila mstari uwe na safu mbili, ya kazi anayoifanya mtu na ya kazi ya pili anayoifanya wakati huohuo. Safu hiyo ya pili ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye habari. Mama anaandika "napika", anaacha kuandika kwamba ana mtoto mgongoni, anamsikilizia mgonjwa chumbani na amemkataza mwingine asisogelee moto. Ukifuta safu ya pili umefuta malezi karibu yote, kwa kuwa mtoto mdogo hapangiwi saa yake. Analelewa ndani ya saa za kazi nyingine.

Daftari lijazwe mara 4 kwa siku: baada ya chai, baada ya chakula cha mchana, jioni, na kabla ya kulala. Wanaosubiri usiku wajaze yote kwa mkupuo hukumbuka mambo makubwa na kusahau ya dakika 10, na kazi ya nyumbani imejaa ya dakika 10. Kila mtu ajaze ya kwake. Mume akimjazia mke, ataandika "alikuwa nyumbani". Msichague wiki ya msiba au ya harusi, wala msianze katikati ya Ramadhani, maana saa zote hugeuka. Kama ni kaya ya wakulima, wiki moja haitoshi. Fanyeni moja wakati wa palizi na nyingine baada ya mavuno, mtaona kwamba saa za mwanamume hupungua msimu ukiisha ilhali za mwanamke hubadilika jina tu.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana hata kwa anayeifanya, nayo ni kukumbuka. Unga umebaki wa siku ngapi. Kliniki ya mtoto ni tarehe ngapi. Mchango wa msiba wa jirani umeshapelekwa? Sare ya nani imembana? Aliyebeba mambo haya hapumziki hata akiwa amekaa, na mwenzake anaweza kuishi miaka 20 katika nyumba hiyo bila kujua sukari hununuliwa lini. Wekeni alama ya "K" pembeni kila mnapojikuta mnapanga au kukumbuka kitu cha nyumba. Mwisho wa wiki zihesabuni alama hizo peke yake.

Neno "kusaidia" lisiandikwe mahali popote kwenye daftari. Anayesaidia yumo kwenye kazi ya mwenzake, anaweza kuacha akichoka, na anastahili shukrani. Andikeni kilichofanyika: "ameosha vyombo, dakika 25".

Siku ya 8 jumlisheni, ila msianze na jumla ya kazi, mtagombana. Mwanamume atasema naye anachoka, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu anayebeba zege au kuendesha bodaboda kutwa hachoki kwa utani. Anzeni na mapumziko: saa za kulala, na saa za kukaa bila kazi katika safu zote mbili. Hapo hakuna anayeshutumiwa kuwa mvivu. Kinachoonekana ni kwamba wote wawili wamechoka, na mmoja amepata saa za kupumzika na mwingine hakupata. Mazungumzo yanayoanzia hapo huenda mbali zaidi.

Kwenye kugawa upya, makosa hujirudia nyumba hadi nyumba. La kwanza ni mume kuchukua kazi zisizo na saa: kurekebisha bomba, kulipia umeme, kufyeka uani. Ni kazi za kweli, lakini zinasubiri hadi Jumapili. Uji wa mtoto wa asubuhi hausubiri. Mtu aliyebakiwa na kazi zenye saa amefungwa nyumbani hata kama dakika zao zinalingana, hawezi kwenda mnadani, hawezi kuchelewa kikao cha VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa hiyo hamisheni kazi nzima, tangu kuikumbuka hadi kuimaliza. "Chakula cha Jumamosi ni cha baba" kiwe na maana kwamba baba ndiye anayejua Ijumaa kuwa vitunguu vimekwisha, ndiye anayekwenda gengeni, anapika, anaosha sufuria. Akimuuliza mke "ninunue nini?", kazi ya kukumbuka imerudi ilikotoka. Mpeni wiki 3 bila kumsahihisha. Ugali utakuwa na mabuja, wali utaungua chini. Mwali naye aliunguza alipokuwa anafundwa, akaambiwa arudie.

La pili ni majirani. Mwanamume akionekana anaanika nguo za mtoto, maneno yanaanza kwamba amelishwa limbwata. Haifai kulipuuza neno hilo, kwa kuwa limewarudisha wanaume wengi ndani. Limbwata ni namna ya mtaa kusema kwamba mwanamume mwenye akili timamu hawezi kufanya hivi, kwa hiyo amerogwa. Wanaume wawili au watatu wa mtaa mmoja wakifanya kwa pamoja, neno hukosa pa kushika. Mmoja peke yake huchoka.

La tatu ndilo linalouma zaidi. Mzigo unatoka kwa mama, haufiki kwa baba, unatua kwa binti au kwa dada wa kazi. Kaka ana mtihani, dada yake mwenye mtihani huohuo anaosha vyombo kwanza. Daftari la watoto litawaonyesha hili kabla hamjasema neno.

Na isisemwe kwamba hii ni tabia ya nyumbani tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, mama hupata miezi 3 na baba wiki 2. Ndani ya siku hizo 84 mmoja anajifunza kumbeba mtoto, kumwogesha na kutambua kilio cha njaa na cha tumbo. Mwingine hapewi muda wa kujifunza, kisha baadaye tunasema wanaume hawana mkono wa watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu, ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019.

Sasa saa hizi zote zinaingiaje kwenye mali? Hapa ndipo wengi hushtuka wakiwa wameshachelewa.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinasema mahakama, ndoa ikivunjika, inaweza kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, ikitazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Kwa miaka zaidi ya 10 majaji walivutana: je, kupika na kulea ni "kazi" ya kuchuma mali, au ni wajibu tu wa mke? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Ikasema sheria hiyo ilitungwa ili kuondoa unyonywaji na uonevu wa wanawake walioolewa. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu. Mahakama iliona kwamba mume alishampa fedha za kuanzisha biashara ya familia naye akazitapanya, kwa hiyo fungu lake limeshakwenda. Jina lake linawalinda wengine mpaka leo.

Kanuni hiyo ina udhaifu mmoja wa kila siku, nao ni ushahidi. Mwenye risiti za saruji na mabati anazo mkononi, na mwenye miaka 15 ya uji na maji hana karatasi. Kwa hiyo mahali pa kupigania haki si mahakamani, ni siku ya kununua.

Mkataba wa mauziano ya kiwanja unapoandikwa, iwe kwa wakili au mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mke mara nyingi huitwa asaini. Asome anasaini wapi. Akisaini sehemu ya "shahidi wa mnunuzi" ameshuhudia mumewe akinunua, na si zaidi. Jina lake linatakiwa liwe kwenye sehemu ya mnunuzi, juu kabisa, na lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho chake cha taifa. "Mama Juma" si jina la kisheria, na "Bw. Fulani na familia yake" hakumtaji mtu yeyote zaidi ya huyo Bwana. Risiti za vifaa ziandikwe majina yote mawili; duka halikatai.

Likija suala la hati, kuna swali ambalo maofisa hawalielezi kila mara: umiliki wa pamoja, au umiliki kwa hisa? Katika umiliki wa pamoja mmoja akifariki, ardhi inabaki kwa aliye hai. Katika umiliki kwa hisa, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi, na hapo ndugu wana nafasi ya kukaa kitako. Kwa wanandoa wanaoogopa mirathi ya kimila tofauti hii ni kubwa kuliko zote.

Kama jina limeshaandikwa la mume peke yake, bado kuna njia. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinasema mwenza aliyechangia kwa jasho lake katika kuzalisha, kutunza au kuendeleza ardhi hiyo anahesabika kuwa na maslahi ndani yake. Kuiweka rehani nyumba ya ndoa kunahitaji ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa hiyo na inamruhusu mwenza kuandikisha zuio kwenye kumbukumbu za ardhi. Zuio liwekwe wakati wa amani, kwa sababu likisubiri ugomvi mnunuzi ameshaleta matofali. Na ambao hawakufunga ndoa: kifungu cha 160 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinawadhania kuwa wanandoa waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi wakijulikana hivyo kwa watu. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa hiyo barua ya mjumbe, kadi ya kliniki yenye majina ya wazazi wote na picha za shughuli za kifamilia vitunzwe.

Vijijini njia ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki. Maombi hupelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji, mipaka huhakikiwa shambani mbele ya majirani. Jambo huharibika siku hiyo ya uhakiki. Wahakiki wanafika asubuhi, mama yuko kisimani, baba anataja jina lake na la mtoto wa kiume, fomu imejazwa. Kijiji kinachotaka kulizuia hili kitangaze siku na saa ya kila shamba mapema, kipange uhakiki mchana baada ya saa za maji, na fomu isikubaliwe kama mke hajasimama mpakani mwenyewe. Mwenye wake zaidi ya mmoja atenganishe mashamba kwa jina la kila anayelilima.

Mirathi ndiyo sehemu ngumu. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, linawapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Isomeni tena sentensi hiyo. Inakubali kwamba alitunza, kisha inamlipa kwa ahadi. Wakati huohuo Waluguru wa Morogoro wamerithisha ardhi kwa ukoo wa mama vizazi na vizazi, katika nchi hiihii, kwa jembe lilelile.

Holaria Pastory wa Kagera aliuza mwaka 1988, kwa shilingi 300,000, shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephraim, akashtaki kwamba mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliona kwamba mila hiyo inagongana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mauzo yakabaki halali. Wajane wawili wa Kisukuma waliolifikisha Tangazo 436 mahakamani hawakufanikiwa nyumbani. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliona haki zao zimekiukwa.

Angalieni kilichombeba Holaria: wosia. Baba yake alikuwa ameandika. Wosia wa kimila wa maandishi kwa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi 2, wote wakiwepo pamoja na wote wanaojua kusoma, mmoja wao akiwa wa ukoo. Mke au wake walioko nyumbani nao washuhudie. Uandikwe kwa wino, si kwa penseli, uwe na tarehe, na useme ni shamba lipi, limepakana na nani kila upande, na linakwenda kwa binti yupi kwa jina lake kamili.